Eti mwalimu wa Kiingereza lazima awe mzungu

Jamani leo nimekereka. Mama wa mwanafunzi mwenzangu hapa Guangzhou katukuta kantini namwelekeza mwanae Kiingereza, akamuuliza mbele yangu kwa Kichina, mbona hukutafuta mzungu? Alidhani sielewi. Nikamsalimia kwa heshima, Ayi, yaani shangazi kwa Kichina, nikaendelea na somo.

Kijana anajiandaa na CET-4, ule mtihani wa Kiingereza wa vyuo vikuu, jumla maksi 710. Msamiati kaukariri tangu sekondari maana kwenye gaokao, mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, Kiingereza ni maksi 150 kati ya 750, sio mchezo. Shida ni kwamba kila neno kalikariri na maana moja tu ya Kichina. Kwake address ni dizhi, anwani, basi. Akikuta rais "addressed the nation" anaganda, kaiandikia nchi anwani? Wachina wana jina la maneno haya, shu ci sheng yi, yaani neno unalijua ila kwa maana hiyo hulijui, na watunga mitihani wanayapenda balaa.

Nikamuuliza, da ni nini? Akasema kupiga. Haya, da dianhua kupiga simu, da zi kupiga taipu, da jia kupigana, sasa kwenye simu nani kapigwa? Akaelewa palepale. Sie tunapiga simu, pasi, deki, picha na soga, ndo maana naona haraka anapokwama. Address nayo ishike kwenye kuelekeza: barua unaielekeza mahali, hotuba unaielekeza kwa watu, nguvu unazielekeza kwenye tatizo, na hata lile jina unalomwitia mtu mkiongea, Ayi au Laoshi (mwalimu), ni address hiyohiyo. Akatunga sentensi nne, zote sawa! Mzungu kazaliwa na hiyo lugha, hajui inavyokwama, mimi nimeisotea darasani kama huyu dogo na najua kabisa pa kumshika mkono.

Na nyie mnaoniuliza inbox habari za kuja kufundisha China, viza ya mwanafunzi usifundishie hela bila kibali, ni faini na unaweza kurudishwa nyumbani. Mimi na huyu tunabadilishana tu, ananirekebishia Kichina changu. Viza ya kazi ni Z, wanataka digrii na uzoefu, na shule nyingi zinaangalia kwanza kama pasipoti ni ya Uingereza, Marekani na wenzao hao. Ajenti akikwambia njoo tu mengine utamalizia hukuhuku, usimpe hata mia.