Mkate wa mayai niliouagiza Unguja

Kabla sijavuka kwenda Unguja kikazi, kila mtu Mombasa alikuwa na la kuniambia. Binamu yangu wa Kisauni, aliyewahi kufika huko kwa harusi tu, ndiye aliyejitia kujua kuliko wote. "Chakula usikitie maanani," akasema. "Wale Waswahili kama sisi. Taja unachokitaka, utaletewa."

Ukitaka kushinda na njaa fuata ushauri huo. Mzungu asiyejua hata "shikamoo" ana nafuu, maana yeye ananyoosha kidole. Sisi wenye lugha yetu tunataja majina, na majina ndiyo yanayotuponza.

Chai kwanza. Kwetu ukiingia mkahawani ukasema chai, inakuja ya maziwa. Asiyetaka maziwa ndiye anayejieleza. Unguja ukisema chai tu, mara nyingi utawekewa ya rangi. Sikatai, ina tangawizi na mdalasini na inakuamsha, lakini kama umezoea ya maziwa, sema maziwa tangu mwanzo. Kisha utaulizwa, "Na kitafunio gani?" Hapo ndipo penye kazi.

Nilipanga chumba Mwembeladu, na nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na bi mkubwa anayepika vitafunio vya kuuza. Mimi mkate wa mayai ndio ugonjwa wangu. Wa kwetu, yaani: unga unatandazwa mpaka unakaribia kuona ng'ambo ya pili, unatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na mayai, unakunjwa pembe nne, unakaangwa. Jioni moja nikamwendea, nikamwamkia, nikamwuliza kama anaupika.

"Naupika mwanangu, lakini mpaka niagizwe. Wataka mkubwa ama mdogo?"

Nikasema mkubwa. Tena asiufanyie ubahili wa mayai.

Akacheka. "Mkate wa mayai utakosaje mayai?"

Basi nikaona tumeelewana. Nikamwomba na pilipili ya kusaga pembeni, na ndimu. Akaniangalia usoni.

"Pilipili?"

"Bila pilipili siuli, bi mkubwa."

"Haya," akasema, "nyinyi watu wa Mombasa." Akanitajia bei. Shilingi ya huko unaigawa kwa ishirini hivi ndiyo upate ya kwetu, na hata nilipoigawa, ilikuwa mara nne au tano ya niliyoizoea. Nikajiambia labda nyama imepanda. Nikalipa.

Asubuhi ikaletwa sinia iliyofunikwa kawa. Bi mkubwa mwenyewe alikuja nyuma ya mtoto aliyeibeba, na nyuma yake wakwe zake wawili, na watoto ambao sijui hata walitoka nyumba gani. Siku za kawaida alikuwa akimtuma mtoto peke yake. Kawa likafunuliwa. Keki. Ya duara, nene, manjano ubavuni, juu imeiva rangi ya kahawia kwa makaa, na hiliki inanukia mpaka mlangoni. Huo ndio mkate wa mayai wa Unguja: mayai na sukari vinapigwa mpaka vinafura, unga unaingizwa pole pole, halafu unaokwa kwa moto wa chini na wa juu. Ubavuni mwa keki ile, kibakuli cha pilipili na ndimu iliyokatwa vipande viwili. Nilichoagiza chote kilikuwepo.

Hakuna aliyeondoka. Walikuja kuona mtu wa Mombasa anakulaje.

Mimi nimeshasema bila pilipili siuli, na maneno yangu sikuyarudisha. Nikakata kipande, nikakamua ndimu, nikapaka pilipili, nikala. Mtoto mmoja akaanguka kwa kicheko. Nikakata cha pili. Na nitawaambieni kitu ambacho hamtakiamini: si kibaya. Utamu unakuja kwanza, halafu ukali, halafu unatafuta chai. Bi mkubwa naye, watoto walipotawanyika, alichovya kidogo akaonja, akasema, "Mh." Hajawahi kuniambia hiyo "mh" ilikuwa ya nini.

Baada ya hapo nikaacha kutaja majina. Kila asubuhi nikitoka msikitini alfajiri napita barazani kwake: "Sabalkheri bi mkubwa, hebu nifunulie nione." Sijaona muuzaji wa kukataa kumfunulia mteja. Naangalia, nanusa, nanyoosha kidole, nalipa. Kwa njia hiyo nikagundua kwamba mkate wa kumimina niliokuwa nikiupita, nikidhani ni chapati za maji, ni mkate wa sinia wetu hasa: mchele uliosagwa, nazi, hamira, hiliki. Mahamri nayo kwake ni maandazi. Mimi nikisikia maandazi nafikiria yale makavu ya kwetu yasiyo nazi, kwa hivyo nilikuwa nikitikisa kichwa huku nimeyatamani. Chukua na mbaazi za nazi, utadhani uko Old Town.

Wahi lakini. Saa mbili ikishapita ni makombo. Na Ramadhani hesabu yote hii inageuka: mchana mikahawa mingi inafungwa, vitafunio hivi vinatoka jioni kwa futari.

Kama hakuna cha kufunua, tazama mwenyeji aliye meza ya jirani anakula nini, useme, "Nipe kama chake." Shemeji yangu wa Nairobi alikataa njia hii, akasema yeye hawezi kuchungulia sahani za watu. Akaagiza bajia akitarajia viazi vilivyokatwa duara vikapakwa unga wa dengu. Akaletewa vidonge vya kunde. Akakasirika na mhudumu, mhudumu naye akakasirika, na bajia zikaliwa na mimi.

Na ule mkate wa mayai wetu, je? Upo. Nenda Forodhani baada ya magharibi, pale kwenye taa na moshi, uulizie pitsa ya Zanzibar. Donge la unga linatandazwa, nyama ya kusaga, kitunguu, yai, linakunjwa, linakaangwa juu ya bamba. Na pitsa ya Italia hazijuani hata kidogo. Watakutilia mayonezi na jibini kwa sababu watalii wanapenda. Waambie mapema wasitie, maana mikono yao ni myepesi kweli. Bei iulize kabla unga haujatandazwa. Mimi nilitajiwa ya kitalii, nikamwamkia kijana, nikamwuliza hali ya nyumbani na ya biashara, na ikashuka kabla hajamaliza kunijibu.