Kwa Nini Napendelea Mti Mbichi

Maseremala wengi hufundishwa kwamba mbao ambayo haijakauka haifai kwa kazi ya maana, na kwa anayetengeneza milango au makabati kwa mashine fundisho hilo ni sahihi. Mimi hutumia shoka, tezo na patasi, na kwa zana hizo mti uliokatwa karibuni ndio bora, kwa kuwa maji yaliyomo hulainisha nyuzi, ilhali mti huohuo ukishakauka huchosha mkono na kumaliza makali upesi.

Kazi huanza kwa kupasua, si kwa msumeno. Kabari ikipigiliwa kwenye kichwa cha gogo, ufa hufuata nyuzi popote zinapokwenda, hivyo mpini au mguu wa kigoda unaotokana na kipande hicho huwa na nyuzi zisizokatika tangu ncha hadi ncha, na unaweza kuwa mwembamba bila kupoteza uimara. Gogo lenye nyuzi zilizosokotana halifai kupasuliwa. Hilo waachieni wenye misumeno. Kiini cha katikati huondolewa, kwa maana kipande kinachokizunguka pande zote ni vigumu kukauka bila nyufa.

Jambo linalohitaji kueleweka vyema ni kusinyaa. Mti hupoteza kwanza maji yaliyo huru ndani ya seli, na umbo lake halibadiliki. Ni pale unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu ndipo kuta za seli huanza kusinyaa. Kwa urefu, badiliko hilo ni dogo mno. Kutoka kiini kuelekea gome ni kama asilimia 4 katika miti mingi, na kwa kufuata mzingo wa pete za ukuaji hukaribia mara mbili ya hapo, ndiyo sababu tundu la duara lililotobolewa kwenye mti mbichi huishia kuwa na umbo la yai.

Fundi anayelijua hilo hulitumia. Ulimi wa kiungo, yaani ncha ya kipande inayoingia katika tundu la kipande kingine, hukaushwa kabisa kabla ya kupigiliwa katika tundu la mguu ambao bado una unyevu kiasi. Mguu unapokauka, tundu huubana ulimi, nao ulimi hufyonza unyevu kidogo na kutanuka. Kiungo cha namna hiyo chaweza kushika kwa miaka mingi hata bila gundi, jambo ambalo wauza gundi hawana haja ya kulitangaza.

Bakuli lichongwe kwa unene ulio sawa, vichwa vya mbao, yaani pale nyuzi zinapokatika, vipakwe nta kwa sababu hutoa maji haraka kuliko ubavu, kisha kazi iwekwe kivulini pasipo upepo. Zana za chuma zifutwe na kupakwa mafuta mara baada ya kazi, kwani utomvu huleta kutu. Msasa usubiri: juu ya mti mbichi huziba upesi na kuacha manyoya, kwa hiyo ulainishaji wa mwisho hufanywa kwa kisu kikali, kipande kikishakauka.