Unga Ukilala, Wewe Usilale

Saa kumi na moja alfajiri niko Marikiti, soko kubwa la mboga Nairobi, kikapu mkononi, simu nimeificha ndani ya sweta. Mama ninayenunua mboga kwake haulizi tena nataka nini. Huuliza, "Leo wangapi, mwalimu?" Kumi na wawili. Ananihesabia mafungu ya majani ya kunde, halafu karoti, nyanya, vitunguu, dania na machungwa. Shule imenipa shilingi 3,500, na bado sijanunua mayai wala unga, kwa hiyo namwomba aniongeze fungu moja la kunde. Anaongeza mawili. Hilo la pili, asema, ni la yule atakayeunguza.

Saa moja na nusu nimeshafika shuleni, huku Eastlands, nikipanga vitu mezani. Nafundisha Sayansi Kimu, ambayo wanafunzi huiita homsayansi na walimu wenzangu huiita somo la kula. Laiti wangejua. Kwenye KCSE, mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne, kuna karatasi tatu: nadharia, ushonaji na upishi. Hiyo ya upishi ndiyo huwaangusha wapishi wazuri, maana inaanza na kalamu. Mtahiniwa ana nusu saa ya kuandika mpango: mapishi, mpangilio wa kazi, orodha ya vyakula na vyombo, akitoa nakala kwa karatasi ya kaboni. Kisha ana saa moja na robo ya kupika, akifuata mpango ule ule.

Saa mbili kamili Kidato cha Nne wameinamisha vichwa. Swali nimelitunga mwenyewe: shangazi yako mjamzito amekutembelea, pika na uandae mlo wa watu wawili pamoja na kinywaji. Kuna kijana mmoja hapa ambaye kila jioni hupika chapati kwenye kibanda cha mamake, na kwa mikono hakuna wa kumfikia darasani. Mpango wake una mistari minne: Kanda. Pika mboga. Pika chapati. Andaa.

"Unga ukipumzika, wewe utakuwa unafanya nini?"

"Nitakuwa nangoja, mwalimu."

Nimewaimbia tangu Kidato cha Tatu: unga ukilala, wewe usilale. Hapo ndipo unamenya karoti, unaosha kunde, unabandika maharagwe, unasafisha ulipochafua. Amefuta, ameanza upya, uso umekunjamana.

Vita kubwa zaidi ni ya chai. Tisa kati ya kumi na wawili wameandika chai ya maziwa. Nikawaambia mjamzito anahitaji sana madini ya chuma, na yale ya kwenye maharagwe na kunde mwili huyapokea kwa shida. Chai ikinywewa pamoja na chakula inayazuia zaidi, ilhali vitamini C ya chungwa inayasaidia kuingia. Msichana wa jiko la pili hakuridhika.

"Mwalimu, mgeni aje, tena shangazi, na asipewe chai?"

Darasa zima likawa upande wake, na mimi pia, moyoni. Nikamwambia basi ampe chai akifika, saa moja hivi kabla ya kula, na mezani aweke maji ya machungwa. "Hapo sawa," akasema, kama kwamba ndiye aliyekuwa akinisahihisha mimi.

Saa tatu na dakika tano moto wa jiko la tatu na la nne ukazimika. Mtungi mmoja wa gesi, majiko mawili. Nikamtuma mtu stoo alete mtungi wa akiba, akarudi na habari kwamba ule uliisha siku ya mkutano wa wazazi. Chai tena! Nikawasha jiko la makaa nje ya mlango, nikawaongezea hao wawili muda, huku nikijua mtihani wenyewe hautakuwa na huruma hiyo. Yule kijana wa kibanda alikuwa jiko la nne. Alipoona makaa alitabasamu kwa mara ya kwanza leo.

Kufikia saa nne na robo nilikuwa nikionja. Kunde za jiko la tano zimepikwa mpaka zikawa rangi ya kaki, na vitamini C imeharibiwa na moto au imekwenda na maji yaliyomwagwa. Chapati za kijana zinachambuka zenyewe. Ila sufuria chafu amezificha chini ya meza, na juu ya meza kuna chapati tisa.

"Mlo ni wa watu wangapi?"

"Wawili. Lakini kibandani hatupiki mbili, mwalimu."

Nikakata alama. Walimu waliokuwa wakipitapita dirishani wakazimaliza zilizobaki.

Mchana ilikuwa zamu ya Gredi ya 10, kundi la kwanza la mtaala mpya kuingia sekondari ya juu, Januari 2026. Cherehani sita, nzima tano. Uzi ukifanya vitanzi chini ya kitambaa wote hulaumu bobini, na mara nyingi kosa liko juu: wametunga uzi mguu wa cherehani ukiwa umeshushwa, kwa hiyo uzi haukushikwa. Nimelisema hilo leo mara saba.

Saa kumi mhasibu akataka risiti za Marikiti. Sitaeleza mazungumzo hayo.

Saa kumi na mbili jioni nashuka steji. Kibanda kile kiko njiani kwangu. Unga umefunikwa kwa sufuria, na kijana amekalia kreti akitazama simu. Aliponiona akaruka, akanyakua kitunguu na kisu.

"Nipe mbili," nikamwambia.

Akafunga tatu.