Siku moja maishani mwangu: sindano, shimo na tumbusi

Saa 12 asubuhi. Simu inalia kabla sijafunga kamba za viatu. Punda mzee kavunjika mguu wa mbele usiku, mfupa unaonekana. Najua tayari kuwa huyu hatatembea tena. Baada ya pole, swali langu la kwanza ni hili: "Mzee, tutamzika wapi?" Upande wa pili kimya. Mnyama angali hai, naye daktari wa mifugo anauliza kaburi! Lakini nauliza mapema makusudi. Dawa ya kumlaza milele ikishaingia mwilini, mzoga ulioachwa wazi ni chambo chenye sumu.

Saa 2. Punda anatetemeka. Nampiga sindano ya kumtuliza, nasubiri kichwa kishuke. Napapasa shingo, naubana mshipa kwa kidole gumba hadi unavimba, kisha naingiza pentobabitali, dawa ya usingizi ambayo kwa kipimo kikubwa huua bila maumivu. Magoti yanalegea, analala. Nasikiliza kifua kwa muda mrefu. Nagusa jicho kwa ncha ya kidole, halipepesi. Mzee amegeukia ukuta, mkono usoni. Nashukuru kwamba punda wake amekwenda bila maumivu zaidi.

Kwa punda, mateso yameisha. Kwa dawa, bado. Imesambaa kwenye damu, ini na nyama, nayo haivunjiki upesi: imewahi kupimwa na kukutwa kwenye mboji ya mizoga zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Mbwa, mbweha, fisi au tai akila nyama hiyo hulewa, huanguka, mwili hupoa na pumzi huweza kukatika.

Saa 4. Shimo. Mzee anasema kwa upole, "Daktari, si tumburute tu hadi bondeni? Ndege watamaliza kazi." Simlaumu. Kwa mnyama aliyekufa bila dawa, ndiyo kazi ya ndege hao, na hakuna aifanyaye vizuri kuliko wao. Namsimulia kilichonipata miaka yangu ya mwanzo. Nilimlaza farasi milele kwa dawa hii hii jioni, giza likaingia, nikamfunika turubai nikisema tutazika kesho. Asubuhi turubai lilikuwa limevutwa pembeni. Tumbusi wawili walikuwa chini. Mmoja alikuwa amekufa. Wa pili alilala kifudifudi, mabawa wazi, ukope wa ndani umefunika nusu ya jicho, mfuko wa chakula shingoni umejaa ile nyama niliyoitia dawa kwa mkono wangu. Nilimfunga kwenye koti, nikampasha joto, nikamtia maji mwilini kwa sindano. Siku ya pili akasimama. Yule wa kwanza nilimzika pamoja na farasi.

Mzee haongezi neno. Anachukua jembe.

Tunachimba, vijana watatu, mzee na mimi, mbali na kisima na mkondo wa maji, mpaka kichwa cha mchimbaji kinapotelea shimoni. Udongo wa juu ya mzoga lazima uzidi mita moja, maana fisi hufukua. Juu tunapanga mawe. Hata pamba zenye damu nazikusanya na kuondoka nazo.

Saa 6 mchana. Tumbusi watano wametua juu ya mti mkavu. Wamemwona punda kabla hatujamfunika, nao wanasubiri.

Saa 8. Ng'ombe anachechemea, kwato imevimba. Kazi ndogo, ila hapa napo tumbusi wamo. Asia Kusini walikufa kwa mamilioni kuanzia miaka ya 1990 na watu hawakujua chanzo. Mwaka 2004 timu ya mtafiti wa magonjwa ya wanyama Lindsay Oaks ilionyesha, kwa utafiti uliofanyika Pakistani, kuwa ni diklofenaki, dawa ya maumivu wanayopewa ng'ombe. Kiasi kidogo tu huua figo za tumbusi, na asidi ya mkojo hutanda kwenye viungo vya ndani kama chokaa. Kinachonishtua mpaka leo ni hesabu: mzoga mmoja tu wenye dawa katika kila mia ulitosha kuwateketeza. Nchini India, tumbusi wa mgongo mweupe walipungua kwa zaidi ya 99%. India, Pakistani na Nepali zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Ketoprofeni, dawa nyingine ya maumivu, nayo huwaua. Mimi nabeba meloksikamu. Inamtuliza ng'ombe maumivu, na imejaribiwa kwa tumbusi bila kuwadhuru.

Saa 11 jioni. Naandika kumbukumbu: jina la dawa, kipimo, mahali alipozikwa, kina cha shimo. Safu hiyo ya mwisho haikuwamo kwenye daftari. Niliichora mwenyewe kwa rula.

Saa 1 usiku. Mzee anapiga simu. Namuuliza kama kuna mbwa amekaribia kaburi. "Hapana, Daktari. Nimeongeza mawe. Na wale ndege wako walikaa pale mtini mpaka jua likakaribia kuzama, wakaruka wote watano."