Ninavyotuma mikanda ya slaidi ikasafishwe

Mji ninaoishi, hapa Ohio, una watu wa kusafisha filamu ya negativu, lakini wa slaidi, filamu ambayo picha hutoka na rangi zake halisi kwenye filamu yenyewe, hakuna. Slaidi ina dawa zake, E-6, na wateja wake ni wachache. Ukiitia kwenye C-41, dawa ya negativu, rangi zinageuka kabisa. Wapo wanaozipenda hivyo. Mimi nikipiga jahazi Lamu nataka bahari ibaki na rangi yake. Kwa hiyo mikanda yangu huenda kwa posta hadi Parsons, Kansas, kwa Dwayne's Photo, wale waliokuwa wa mwisho duniani kusafisha Kodachrome, filamu ya slaidi ya Kodak, wakaacha kuipokea mwisho wa 2010.

Kwani kwa nini nisiitume moja kwa moja kutoka Kenya nikiwa likizo? Kifurushi cha ndege kinaweza kupitishwa kwenye eksirei, na mwenyewe sipo pale kukiombea. Naibeba mkononi. Kwenye begi la kupakiwa chini siweki hata mmoja, maana mashine za huko zina nguvu na filamu hutoka na ukungu. Siku hizi hata za mizigo ya mkononi nyingi ni za CT, eksirei zinazopiga begi kutoka pande zote, na hizo nazo zinaunguza.

Dawa yake ni adabu. Naitoa mikanda kwenye maboksi, naiweka yote kwenye mfuko mweupe unaoonyesha, juu kabisa ya begi, na nafika mapema. "Habari za kazi, mkubwa. Hizi picha hazijasafishwa, mashine itaziunguza. Naomba uzikague kwa mkono." Marekani wamezoea ombi hilo. Kwingine inategemea uliyemkuta. Mzee mmoja alianza kunihadithia studio aliyokuwa akipeleka picha zake za harusi, foleni nyuma yangu ikanuna.

Posta ya ndani ya Marekani hainisumbui sana. Bahasha nyembamba siitumii, kwa sababu kikopo cha filamu kinatuna na mashine za kupanga barua zinaweza kuipasua. Natumia boksi dogo lenye namba ya kufuatilia, na ndani naweka karatasi yenye jina na anwani yangu, endapo lebo ya nje itabanduka. Mikanda ya 120, ile mipana isiyo na kikopo, naikaza na kuibana kwa gundi yake, kwani hiyo inalindwa na karatasi tu. Kiangazi napeleka Jumatatu, dirishani, nikabidhi kwa mtu. Boksi la chuma la barabarani linapata joto kali, na kifurushi cha Ijumaa kinaweza kulala mahali pa moto wikiendi nzima.

Jambo ninalolikazia zaidi ni maelekezo. Nikipiga Ektachrome, filamu ya slaidi ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga), kana kwamba ni ya 200, naandika kwa wino usiofutika "ongeza stopu moja" kwa Kiingereza, kwenye fomu na kwenye kikopo chenyewe, ili waiache muda zaidi kwenye dawa ya kwanza. Ikishaingia humo hairudi nyuma. Fremu za plastiki siagizi. Naomba vipande virefu, kisha natia fremu mwenyewe zile nzuri tu. Gharama inapungua.

Na siitumi yote pamoja. Nagawa mafungu mawili, kila fungu na picha za kila siku ya safari. La pili linakaa kwenye friji, limefungwa vizuri lisipate unyevu, mpaka la kwanza lirudi.