Halina harufu

Mama mkwe aliinama mbele ya sanduku la kumbukumbu ya marehemu la Neema, binti yangu, akafumba macho, akavuta pumzi. "Halina harufu, mija," yaani binti yangu, kwa Kihispania chao. Akageuka zake jikoni kutazama mole yake, ule mchuzi mzito wa pilipili. Basi. Tangu hapo Baba Neema kapata kazi, mdogo wangu kaoa Tanga na sisi tumeangalia kwenye simu, lakini mimi nimebaki na hayo maneno mawili.

Majibu ninayo tele, ila yamechelewa. Mama, ua la cempasúchil, lile la chungwa la marehemu wa Meksiko, lina maji mengi. Ukilipaka jeli ya akriliki, ile gundi inayokauka kuwa plastiki, likiwa bichi, maji hayana pa kutokea. Petali zinageuka kahawia na ukungu unaanzia pembeni. Lazima zibanwe kitabuni wiki mbili hadi tatu, karatasi ya kunyonya maji juu na chini, ndipo zipakwe tabaka mbili nyembamba. Rangi ya chungwa inabaki, mradi jua lisiipige moja kwa moja. Harufu ndiyo inayokwenda.

Na hakuiona kazi nyingine yote? Picha ya mama yake mwenyewe, yule wa Oaxaca, Meksiko, imehamishiwa kwenye mbao. Nakala itoke printa ya leza, maana wino wa printa ya kawaida unachuruzika ukiguswa na jeli. Igeuzwe kwanza kama kwenye kioo, ilazwe kifudifudi juu ya jeli mbichi, iachwe saa 24. Kisha unalowesha karatasi na kuisugua kwa kidole polepole mpaka ibaki picha tupu. Ukiwa na haraka, unaondoka na pua ya marehemu.

Papel picado, karatasi za rangi zilizokatwa nakshi, nayo ina vitimbi vyake. Ile karatasi laini inamwaga rangi ikionja gundi ya maji, kwa hiyo inapuliziwa vanishi pande zote mbili kwanza. Pindo la kanga ya bibi wa Tanga lilifuliwa mpaka maji yakatoka meupe, kwa sababu hiyohiyo. Nyuma ya vyote kuna amate, karatasi ya magome ambayo Waotomí, wenyeji wa asili wa San Pablito, Puebla, hukohuko Meksiko, huchemsha kwa chokaa na kuitwanga kwa jiwe. Gundi iwe kidogo, uzito juu usiku kucha, na ubao ubandikwe karatasi nyuma pia, la sivyo unapinda.

Juzi hasira ikanitoka nikiosha brashi. Mama mkwe hakuwa anakosoa ufundi. Kwao harufu ndiyo inayomwongoza marehemu hadi mezani Novemba inapoingia, na sanduku lile lilikuwa limefungwa kila tundu kwa plastiki. Nikaikumbuka ofrenda, yaani madhabahu ya marehemu, ya msanii Amalia Mesa-Bains kwa mwigizaji wa filamu Dolores del Río, ya 1984, akaitengeneza upya 1991: vioo, vitambaa, picha, na maua makavu, ambayo hayajifanyi yatadumu. Nadhani hapo ndipo sanaa hii inapotofautiana na pambo la ukutani. Sehemu yake moja iruhusiwe kufa.

Neema alikuwa kashafika huko kabla yangu. Kachukua kopo la dagaa, kalishikiza chini ya picha kwa sumaku, kajaza petali mbichi na kipande cha kopali, utomvu wa kufukiza, kisichowashwa (ndani ya mbao na vanishi, nani awashe moto?). Kopo limekaa mbali kidogo na amate, kwa vile unyevu unaivimbisha. Maua yabadilishwe kila baada ya siku mbili tatu, kabla hayajaanza kutoa maji. Picha na kanga ni za kudumu, maua ni ya kurudiwa kila mwaka, na atakayeyarudia ni yeye.

Mama mkwe hajaliona hilo kopo bado. Atakuja Jumamosi, naye ana kifua, na bomba la joto la sebuleni linagongagonga tu bila kupata moto. Mwenye nyumba hapokei simu, na baridi ya Chicago ndiyo hiyo imeshabisha hodi.