Siku tuliyoamsha vumbi la ukutani

Oktoba 2012 Morogoro ilikuwa imekauka, masika yameshasahaulika. Mwalimu wetu wa baiolojia alitutuma nyuma ya bweni tukabandue vile vijimea vifupi vinavyotambaa ukutani wakati wa mvua. Vilikuwa vya rangi ya udongo, ukivifikicha vinakuwa unga. Mwalimu akavitia kwenye sahani ya kioo, akavimiminia maji ya mvua aliyokuwa ameyahifadhi, akatuambia turudi kesho baada ya vipindi.

Kesho yake tulijipanga mbele ya hadubini moja. Zamu yangu ilipofika niliona chembe za mchanga na vipande vya majani, kisha kitu kikajivuta. Kilikuwa rotifa, mnyama mdogo wa majini asiyeonekana vizuri bila hadubini. Kichwani nywele zake zilipigapiga kwa mpangilio hata zikaonekana kama magurudumu mawili yanayozunguka, na uchafu wote wa jirani ukawa unavutwa kinywani mwake. Nilisahau kwamba wenzangu wanasubiri. Mwalimu alisema Antonie van Leeuwenhoek, mmoja wa watu wa mwanzo kuchunguza viumbe kwa hadubini, aliona jambo hilo hilo kule Delft, Uholanzi, mwaka 1702, alipolowesha vumbi kavu la mfereji wa paa.

Baadaye tukampata dubu wa maji, na darasa zima likapiga kelele. Miguu minane minene, kucha ncha zote, mwili haufiki milimita moja. Maji yanapokwisha hukunja miguu, hupoteza karibu maji yote ya mwili, akabaki kidonge kisichokula wala kupumua kwa namna ya kupimika. Mwaka 2007 wenzake walirushwa anga za juu wakiwa wamekauka, wakaachwa wazi kwenye ombwe, mahali pasipo na hewa, na baadhi wakarudi wazima.

Kelele zetu zilimleta Babu, mlinzi wa shule.

“Shikamoo Babu.”

“Marahaba. Kuna nini humu?”

Mwalimu akampisha kwenye kiti. Babu alitazama kwa muda mrefu, jicho moja amelifumba.

“Huyu alikuwa mkavu?”

“Mkavu kabisa, Babu, pengine tangu Juni.”

“Na hakuna aliyemtia dawa?”

“Maji tu.”

Hapo ndipo Mwalimu alipotueleza habari ya Urusi, iliyokuwa imetangazwa Februari mwaka ule. Karibu na mto Kolyma, Siberia, wataalamu walichimbua mashimo ya kindi wa ardhini yaliyoganda, mita 38 chini. Ndani mlikuwa na matunda ya mmea mdogo uitwao Silene stenophylla, yenye umri wa miaka kama 32,000. Mbegu zilizokomaa zilikataa kuota. Svetlana Yashina na wenzake wakachukua tishu laini ya ndani ya matunda mabichi, wakailea kwenye chupa kwa virutubisho mpaka ikatoa mimea mizima yenye maua meupe. Kiongozi wao, David Gilichinsky, alifariki siku chache tu kabla ya habari hiyo kuchapishwa. Sikuwahi kumjua, lakini niliposikia hivyo nilisikitika kana kwamba ni mtu wa kwetu.

Nilikuwa nimedhani mmea ule na dubu wetu ni muujiza mmoja. Sivyo. Dubu hujikunja na kujikunjua mwenyewe. Hakumhitaji Mwalimu, mvua ya kwanza ingemtosha. Ua la Siberia halikuwa na njia ya kutoka mle shimoni bila watu waliokataa kukata tamaa mbegu ziliposhindwa. Mpaka leo huo uvumilivu wa watu ndio unaonigusa zaidi, kuliko hata miaka yenyewe.

“Na hilo ua,” Babu akauliza, “lilizaa?”

“Lilizaa, Babu. Mbegu zake zikaota.”

Akatikisa kichwa, akaomba kutazama tena. Mwalimu akatuonya tusiianike sahani juani, maana dubu wa maji akikaushwa ghafla hufa kweli. Lazima maji yamwondoke polepole apate muda wa kujikunja. Tukaifunika kwa karatasi, tukaiweka kabatini kivulini, ili kidato kilichotufuata kiiloweshe tena.